Hodi ya Kutoka Ndani

Mchwa walikuwa wamejenga chumba cha ziada.

Injinia alikiona asubuhi, alipoingia chumba cha uangalizi, kabla hata hajavua koti. Nyuma ya kioo, ndani ya banda kubwa lisilo na dirisha, kuba la udongo mwekundu lilikuwa limesimama kama lilivyoagizwa: ukuta wa mviringo, paa lililofungwa vizuri, mlango mmoja. Lakini ubavuni mwake palikuwa pameota kijumba, kama kidole cha sita mkononi. Kilikuwa na mlango mfupi wa kuinama.

"Kipara," aliita. "Njoo uwaone vijana wako."

Kipara, fundi mitambo, alikuja na kikombe cha chai na kichwa chake kinachong'aa kuliko taa za banda. Alichungulia, akacheka.

"Eh! Wamejiongeza hao. Labda wamechoka kulala nje."

Mchwa walikuwa roboti. Walikuwa wakifundishwa kujenga nyumba Mirihi, kwenye sayari ambayo haina msimamizi wa kuwapigia kelele, kwa hiyo ilibidi wajiamulie kila kitu wenyewe: wachote udongo, wauchome uwe tofali, wapange, wafunge paa, ili siku binadamu wa kwanza watakapotua wakute nyumba zinawasubiri. Jina la mchwa walipewa na watu wa banda, kwa jinsi walivyojenga na udongo mtupu bila kuambiwa neno. Udongo wenyewe uliletwa na malori kutoka nyika moja ya mbali, isiyolimwa wala kuchungwa, kwa kuwa wataalamu walisema ndio uliofanana zaidi na wa Mirihi.

Injinia alivaa kofia ngumu akaingia ndani. Mchwa walikuwa wamepangana kwenye kituo chao cha kuchaji, kimya, vumbi jekundu mgongoni. Aliinama kwenye ule mlango mfupi, akamulika tochi.

Kando ya ukuta mchwa walikuwa wameinua kitanda cha udongo. Juu kilikuwa laini, kama kilichosuguliwa kwa kiganja. Kilikuwa na urefu wa mtu mzima, na upande mmoja umeinuka kidogo, pa kuwekea kichwa.

Roboti hazilali. Hazijui kichwa huwekwa wapi.

Na kulikuwa na harufu. Haikuwa ya udongo uliochomwa, ile aliizoea. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua, kali ya kukwaruza pua, ile wanayojipaka watu wenye maumivu ya mgongo. Katika banda lile aliyekuwa akijipaka dawa hiyo alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikwisha kuzikwa.

Injinia alitoka kinyumenyume.

"Vipi?" Kipara aliuliza.

"Hitilafu. Futa kumbukumbu zao, wapakie maagizo upya. Na hicho kijumba kivunjwe."

"Kuna nini ndani?"

"Hakuna kitu."

Marehemu alikuwa mchomeleaji, mume wa mdogo wake Injinia. Kazi pale aliipata kupitia kwake, na kwa vile alimwita Injinia "shemeji" mbele ya kila mtu, banda zima likaishia kumwita yeye Shemeji, hata mlinzi, hata Mkurugenzi, watu ambao hawakuwa na dada wa kumwoza. Alikuwa na mzaha mwingi lakini pia na adabu. Wenzake walipotaka kuingia bandani walibonyeza kengele. Yeye aligonga mlango wa chuma kwa spana, akaita kwenye redio ya mkononi, "Hodi humu kwa mchwa!" na hakunyanyua mguu mpaka ajibiwe.

Alikufa siku ya wageni. Aliingia ndani ya kuba kuvuta waya uliokwama, mchwa wakiwa kazini, nao wakafunga paa na mlango wakiwa naye ndani. Wenzake walipokuja kumtoa, vumbi na joto vilikwisha maliza kazi yao.

Kikao cha uchunguzi kilimuuliza Injinia swali moja la maana, kwa sababu siku ile ndiye aliyeshika redio: je, marehemu alipiga hodi?

"Hapana," Injinia alijibu. "Siku hiyo hakupiga."

Ikaandikwa kuwa marehemu alijiponza, na kikao kikafungwa. Yalikuwa maneno machache tu. Tangu hapo alikuwa akiyasikia kila alipofungua mdomo kula.

Mdogo wake alihamia kwake baada ya mazishi. Jioni ile walikaa mezani wawili, na picha ya marehemu ilikuwa pale pale kwenye rafu, imegeuziwa ukuta. Mjane mwenyewe ndiye aliyeigeuza.

"Leo nimeota ananiita," alisema mdogo mtu, akichokoa chakula. "Nikamnyamazia. Hata ndotoni simwitikii."

"Usiseme hivyo, mdogo wangu."

"Nisemeje, dada? Mtu mzima, anajua hatari, anajua ana mke nyumbani, anaingia kule kama anaingia bafuni. Nyumbani kwangu alikuwa anapiga hodi mpaka chooni! Siku ile hodi ilimshinda nini? Ni kwamba hakunifikiria. Basi nami simfikirii."

Injinia aliinuka akaenda jikoni. Alisimama kwenye beseni akasugua sahani ambayo ilikuwa safi, akaisugua tena, maji yakimchuruzika viwikoni, mpaka mdogo wake akamuuliza kulikoni.

Kesho yake kijumba kilikuwepo tena.

Kumbukumbu zilifutwa, maagizo yalipakiwa, Kipara alikagua kila mchwa mmoja mmoja. Bado walikijenga, na safari hii kitanda kilikuwa na bonde katikati, kana kwamba kuna aliyekilalia.

Mchana huo kulikuwa na jaribio la giza. Taa zote za banda zilizimwa ili mchwa wajifunze kufanya kazi katika usiku wa Mirihi, na ingawa nje jua lilikuwa kali na walinzi wakibishana habari za mpira, nyuma ya kioo hapakuonekana kitu isipokuwa vijitaa vya kijani vya mchwa vikitambaa huku na huku. Injinia na Kipara walivaa vifaa vya masikioni. Walisikia magurudumu na udongo ukimiminika. Kisha vijitaa vyote vikasimama.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chuma juu ya chuma.

"Nani yuko mlangoni?" Kipara alinong'ona.

"Haitoki mlangoni," Injinia alisema. Aliangalia kioo cha kompyuta kinachoonyesha kila sauti inatoka upande gani, na alama ilikuwa inapigapiga pale ubavuni mwa kuba, ndani ya kile kijumba ambacho hakikuwa na kipande cha chuma hata cha kushonea nguo, na kabla hajavua vifaa masikioni ile harufu ya dawa ya kuchua ikaja, ikapita kwenye kioo kana kwamba hakuna kioo, ikajaa chumba kizima, ikamkaa kooni, na katikati ya harufu ile sauti ya mwanamume, sauti ya kawaida kabisa, yenye uchangamfu wa mtu aliyeamka vizuri, ikasema sikioni mwake:

"Hodi."

Kipara, kwa mazoea ya maisha yake yote, alifungua mdomo. "Kari..."

Injinia alimziba kwa kiganja. Walibaki hivyo, wanatazamana gizani, jasho la Kipara likilowesha vidole vyake, hadi mchwa walipoanza tena kutembea.

"Ile ni sauti ya Shemeji," Kipara alisema kwa sauti ya chini sana.

"Nimesikia."

"Sasa mtu akiwa ndani anapiga hodi ya nini? Hodi anapiga aliye nje."

Injinia aliwasha taa za banda.

Siku ya mapumziko, Kipara alimleta shangazi yake. Alikuwa mama mnene mwenye miwani mikubwa na magoti mabovu, aliyejulikana mtaani kwao kwa kuwatibu watu wenye majini. Alianza kwa kulalamikia ngazi. Kisha akaomba kiti, akakaa mbele ya kuba na kuliangalia kwa muda.

"Humu anakaa nani?"

"Bado hakuna mtu, Shangazi," Kipara alieleza. "Roboti zinatangulia kujenga. Watu watafuata baadaye."

"Kwa hiyo mnajenga nyumba nzuri, mnaiacha tupu, halafu mnashangaa kuna aliyehamia." Alivua miwani akaifuta. "Marehemu wenu harudi, msimsingizie. Huyu ni jini. Amekuja na udongo wenu huko mlikouchota, na sauti ya marehemu ameivaa kama mtu anavyovaa koti la kuokota. Lakini jini hajikaribishi. Kuna mtu alimwambia karibu, hapa hapa, na neno hilo halijafutwa."

Alimtazama Injinia. Kipara pia akamtazama.

"Mimi sijui habari hiyo," Injinia alisema.

"Haya," Shangazi alisema, bila hasira. "Nitafukiza, nitasoma ninayoyajua, atasogea pembeni. Kuondoka hataondoka."

Alifukiza. Moshi ulijaa bandani, Shangazi akanong'ona maneno yake mpaka sauti ikamkauka, na harufu ya dawa ikapotea. Injinia alishukuru mno, akamsindikiza mwenyewe hadi chini akimshika mkono kwenye ngazi. Kwa siku kadhaa mchwa walijenga kuba bila kuongeza chochote. Injinia akaanza kula vizuri. Alianza hata kuamini kwamba mambo mengine huisha yenyewe mtu akinyamaza.

Kisha Kipara akaingia bandani kubadilisha taa iliyokuwa ndani ya kuba.

Mchwa walikuwa wamezimwa. Injinia aliwazima kwa mkono wake, akahakikisha. Alikuwa akimtazama Kipara kupitia kioo na mlango wa kuba, akipanda ngazi yake mle ndani huku akiimba ovyo, pale vijitaa vya kijani vilipowaka vyote kwa mpigo. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Mchwa walikuja. Alibonyeza tena, akakipiga kwa ngumi, akapiga kelele kwenye redio, "Kipara, toka! Toka!" na redio ikamjibu kwa sauti ile changamfu, "Hodi, shemeji," naye akatupa redio akakimbia, akakanyaga ngazi bila kuziona, akausukuma mlango wa chuma, akakuta mchwa wamezunguka kuba wakifanya kazi kwa kasi ambayo hakuna aliyewafundisha, tofali juu ya tofali, mengine yakiwa bado mekundu kwa moto, mlango umebaki tundu la kupitisha mkono, na mkono wa Kipara ulikuwa umetokeza pale, vidole vinachezacheza, na nyuma yake Kipara akikohoa na kuita mama yake, Injinia akashika tofali la moto kwa mikono mitupu akalivuta, akashika la pili, ngozi ikabaki kwenye udongo, na kwa kila alilotoa mchwa waliweka mengine, mpaka akajikuta anapiga kelele asizokusudia:

"Alipiga hodi! Alipiga! Ni mimi niliyemwambia karibu!"

Mchwa wakasimama.

Alimtoa Kipara akiwa hai, amebadilika rangi kwa vumbi. Walikaa sakafuni wakihema. Kipara alikuwa ameyasikia yote. Alivua shati lake, akalichana, na kumfunga mikono.

Shangazi alipoletwa jioni hiyo, alisikiliza hadi mwisho.

"Umemwambia jini," alisema. "Jini anajua tayari. Kamwambie mwenye haki yake."

Injinia alimkuta mdogo wake sebuleni, anakunja nguo. Mdogo mtu aliona bandeji akaruka kutoka kitini.

"Dada! Umefanya nini?"

"Kaa, mdogo wangu. Nisikilize, na usiniguse kwanza."

Akamweleza. Mchwa walikuwa na kinga: macho yanayowasimamisha wakimwona mtu. Lakini vumbi liliwadanganya, wakawa wanasimama kila mara, na siku ile walikuja wageni wakubwa, naye hakutaka aibu. Akazima kinga ile, kwa saa chache tu. Alikuwa anawaeleza wageni jinsi mchwa wasivyohitaji mtu wa kuwasimamia, huku kioo kikiwa mgongoni mwake, pale redio ilipoita.

"Aligonga mara tatu na spana yake. Akasema hodi humu kwa mchwa. Wageni wakacheka, nami nikacheka. Nikasema karibu, shemeji. Sikugeuka kutazama. Nilikuwa nimeshasahau kwamba kinga nimeizima."

Mdogo wake alikuwa bado ameshika shati lililokunjwa nusu.

"Alisubiri umjibu?"

"Alisubiri."

"Na wewe ukawaambia watu hakupiga hodi."

"Niliogopa. Wageni hakuna aliyewauliza."

"Mimi nilimgeuzia ukuta," alisema mjane. Hakupaza sauti. "Kaburini sikwenda hata mara moja. Nililala nikimtukana, dada, chumba cha pili kutoka kwako, ukuta mwembamba, na ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

Injinia alingoja apigwe, na angeshukuru. Hakupigwa. Mdogo wake aliweka shati chini polepole, akavaa viatu.

"Nipeleke huko."

Banda lilikuwa na taa zote, lakini zilikuwa zikiwaka kwa unyonge, kama zinazopungukiwa umeme. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, Kipara kando yake. Kijumba kilikuwepo tena ubavuni mwa kuba, kipya, kibichi, na harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa nzito kiasi cha kuonjwa. Mjane alipoinusa alitazama viganja vyake. Alikuwa akimchua mgongo mumewe kila jioni, alisema baadaye. Viganja vyake viliijua harufu ile kuliko pua.

Kutoka ndani pakagongwa.

"Hodi," sauti ilisema, na sasa ilikuwa laini, sauti ya chumbani, ambayo Injinia hakuwahi kuisikia na hakustahili kuisikia. "Mke wangu. Hodi. Mbona hunikaribishi?"

Mjane alisogea. Kipara alitaka kumshika, Shangazi akamzuia kwa jicho. Mjane alikwenda akapiga magoti kwenye mlango ule mfupi, machozi yakimdondoka juu ya udongo, na Injinia aliyekuwa nyuma yake aliona jinsi mdomo wake ulivyokuwa ukitafuta lile neno, jinsi mwili mzima ulivyolitaka, neno ambalo mke huliitika bila kufikiri akiwa jikoni, akiwa anasuka, akiwa nusu usingizini, na aliona kwamba likitoka atainama aingie mle ndani na hatatoka, na kwamba yeye, dada mtu, ndiye aliyemfikisha hapo.

"Mume wangu," mjane alisema, "alikuwa anasubiri nje mpaka aitikiwe. Aliitikiwa, akaingia kwa heshima yake, na ndivyo alivyokufa. Leo nimejua. Wewe umeingia kwanza, hodi unapiga baadaye. Wewe si yeye. Siitikii."

 Ndani kitu kilicheka, na kicheko hakikuwa cha mtu wala cha mnyama. Kilikuwa kama udongo mkavu unaomwagwa juu ya bati.

Shangazi aliinuka, magoti yakilia. "Umesikia mwenyewe! Neno limefutwa, huna mwenyeji. Ondoka. Nenda kusiko na mtu. Nenda kusikopikwa, kusikolia mtoto, kusikowika jogoo. Huko kaa, hakuna atakayekugombeza."

Upepo ukapita ndani ya banda lisilo na dirisha. Kijumba kilibomoka chenyewe, taratibu, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Taa zikarudi nguvu zake.

Wiki ile ile Injinia alikwenda kwenye ofisi ya uchunguzi akaeleza upya. Alifukuzwa kazi, akashitakiwa, akahukumiwa kifungo cha nje kwa kuwa alijipeleka mwenyewe. Mdogo wake hakungoja hayo yote. Alipakia vitu vyake asubuhi moja, akachukua picha kutoka kwenye rafu, akaifunga kwenye kitenge na kuibeba mbele, kifuani, kama anayebeba mtoto.

"Utanisamehe?" Injinia aliuliza mlangoni.

"Sijui, dada. Kwanza nakwenda kumwomba yeye msamaha. Zamu yako ikifika nitakwambia."

Zamu hiyo ilikuwa bado haijafika siku Kipara alipopiga simu. Injinia wakati huo alikuwa anatengeneza pampu za maji kwenye karakana ndogo, mikono yake ikiwa na makovu yaliyomfanya ashike spana kwa shida. Alikuwa amesikia kwenye habari kwamba mchwa wametua Mirihi.

"Wamejenga nyumba ya kwanza," Kipara alisema. Alikuwa ananong'ona. "Safi kabisa. Hakuna cha ziada."

"Afadhali."

Kipara hakukata simu.

"Kipara. Kuna nini?"

"Picha za leo. Mbele ya mlango kuna nyayo."

"Za mchwa?"

"Mchwa wana magurudumu, Injinia. Za miguu mitupu. Nimehesabu hadi vidole. Zinatoka mbali, huko jangwani, zinaingia ndani ya nyumba."

"Na zinazotoka?"

"Hakuna."

Injinia alikaa juu ya pampu iliyokuwa karibu. Nenda kusiko na mtu, jini aliambiwa. Alikuwa ametii.

"Waambie," alisema. "Kipara, waambie sasa hivi, kabla hujakata simu hii."

"Mkurugenzi ameshaniuliza. Mbele ya watu wote, kwa sababu picha nasoma mimi." Pumzi yake ilisikika. "Nimemwambia ni vivuli vya mawe. Nina watoto wanasoma, Injinia. Wewe unajua ilivyo."

Alijua.  Nyuma ya Kipara kulikuwa na makofi, vicheko, mtu anaomba watu wasogee wapigwe picha.

"Ni nani hao?"

"Ndio watakaokwenda. Wametangazwa leo. Kuna mtu na mkewe, hao ndio wamepewa nyumba ile." Makofi yalizidi nyuma yake. "Yule dada ameambiwa mimi ni mmoja wa waliojenga. Amenifuata hadi nilipo. Amenishika mikono yote miwili, Injinia, akanishukuru."